Kona ya Dereva: Ramani Ilisema Pita, Tope Likasema Lala

*Mzee wa Malaba, dereva wa malori tangu enzi za kuandika njia kwenye pakiti ya sigara, anajibu barua zenu.*

Mzee, salamu. Naendesha Canter, lori dogo la bosi wangu, hapa Soroti, mashariki mwa Uganda. Mwezi wa nane nilipeleka mabati na saruji Kotido, kule Karamoja. Bosi alinifungia simu kwenye dashibodi, akanionya nisitoke kwenye mstari wa bluu wa ramani, eti ndio unaookoa dizeli. Nilipopita Katakwi simu ikasema kata kushoto, utaokoa dakika arobaini. Nikakata. Kulikuwa na wazee chini ya mti, wakanipungia mkono, nami nikawapungia. Mbele kidogo nikazama hadi ekseli. Nililala hapo, asubuhi trekta ikanivuta kwa shilingi 250,000. Sasa bosi anataka kuzikata kwenye mshahara. Anasema ramani haikosei, aliyekosea ni mimi. Nani alipe? (Dereva wa Canter, Soroti)

Pole, kijana wangu. Hela ya trekta alipe bosi. Aliyekuamuru usitoke kwenye mstari ndiye aliyechagua njia. Akizikata kwa nguvu, nenda kwa afisa wa kazi wa wilaya. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mamlaka ya kusikiliza malalamiko ya mfanyakazi, na huhitaji kwenda na wakili. Ila kabla hamjafika huko, msomee bosi haya, tena msomee akiwa ameshakunywa chai.

Setilaiti inayoisaidia ramani ya simu haiijui Katakwi. Iko juu huko, kilomita 20,000 na ushei, kazi yake ni kutangaza saa yake na mahali ilipo, basi. Simu ikisikia setilaiti nne au zaidi inapiga hesabu, inajua imesimama wapi, na mahali pa wazi inakosea mita chache tu. Kazi ya setilaiti inaishia hapo. Ule mstari wa barabara ulichorwa na mtu mwingine, mara nyingi kutokana na picha iliyopigwa kutoka juu, na picha huenda ilipigwa Januari, nchi kavu, njia imenyooka nyeupe. Kisha programu inachukua urefu wa njia na mwendo inaoudhania, inakuambia dakika. Kwa hiyo ni kazi tatu, na bosi wako amezifunga zote kwenye furushi moja akaliita ramani. Hiyo ya kwanza haikukosea hata kidogo. Ungeitazama simu usiku ule ungeona kidoti chako kimetulia sawasawa kwenye mstari, nawe umezama.

Kilichokuponza ni zile dakika arobaini. Programu nyingi za simu hupanga njia kwa gari dogo. Haikujua una saruji mgongoni, wala haikujua kwamba jana yake ilinyesha. Udongo mweusi wa upande ule ukikauka unakuwa mgumu na kupasuka, hata lori la tani kumi linapita kwa mbwembwe. Ukinyeshewa usiku mmoja, unaganda kwenye tairi mpaka tairi linakataa kuzunguka. Halafu ukiingia Karamoja yenyewe kuna ile mito ya mchanga. Asubuhi unavuka pakavu; mvua ikipiga kwenye mlima Moroto au Napak, jioni maji yanateremka kwa kishindo mahali ambapo halikudondoka tone. Hakuna mstari wa bluu unaobadilika rangi kwa ajili ya jambo hilo.

Na kuhusu "ramani haikosei", mwambie bosi kwamba Novemba 2024, huko Bareilly katika jimbo la Uttar Pradesh, India, watu watatu walikufa gari lao lilipoporomoka kutoka kwenye daraja lililokuwa limekatwa na mafuriko mapema mwaka huohuo. Polisi wa kule walisema ramani waliyoifuata ilikuwa bado haijabadilishwa. Hapa kwetu daraja la Katonga lilipoharibiwa na maji Mei 2023 na barabara ya Masaka ikafungwa, magari yalizungushwa kwa Mpigi, Kanoni, Sembabule na Villa Maria. Mimi habari hiyo niliipata kwa dereva wa samaki aliyenipigia taa, akateremsha kioo na kuniambia nigeuze. Alikuwa na haraka, samaki hawangoji, lakini alisimama.

Sasa na wewe. Wale wazee hawakuwa wanakusalimia. Mkono wa salamu unainuliwa. Mkono unaopigwapigwa kuelekea chini, kiganja kikitazama ardhi, ni polepole, simama. Unaujua, umeuona kwa trafiki kila siku. Ulikuwa unaangalia kioo cha simu.

Siku nyingine ukifika njia panda usiyoiamini, zima injini ushuke. Kumwuliza mtu ukiwa juu kwenye kebini na injini inanguruma ni kumtaka akujibu upesi uondoke. Msalimie kwanza. Na usiulize, "Hii ndiyo njia ya Kotido?" Kwa ustaarabu wetu mtu atakujibu ndiyo, maana ataona ndivyo unavyotaka. Uliza, "Hii inakwenda wapi?" halafu nyamaza. Akitaja Kotido mwenyewe bila wewe kuitaja, umepata jibu. Swali la pili: "Lori lenye mzigo lilipita hapa lini?" La tatu watu hulisahau: "Lilirudi?"

Kijana wa boda atakuambia njia ni nzuri, wala hakudanganyi, kwake ni nzuri. Anapita ukingoni penye majani. Mimi humwuliza mama wa chapati pale njia panda, yule aliyekaa tangu alfajiri anayeona nani ameingia na nani ametoka. Nunua chapati mbili, mpe tanboi, msaidizi wako wa gari, moja. Upande huo wako wengi wanasema Kiateso, na mbele kule Kikaramoja; Kiswahili utakipata kwa askari, kwa madereva na kwa waliotembea. Tafuta mmoja wa hao awe mkalimani wako.

Kisha tembea hatua chache mbele ya gari, utazame alama. Tairi za nyuma za Canter ziko mbilimbili, na alama zake unazijua. Ukiona alama za namna hiyo zimeingia na hazijatoka, kuna mwenzako huko ndani anasubiri trekta. Ukikuta matawi yametandazwa barabarani, usiyakanyage kwa kujidai, mbele kuna gari limekufa.

Bosi akisema kuzunguka kunakula dizeli, mwombe kalamu. Aandike lita za kuzunguka kwa Moroto, pembeni aandike 250,000, siku moja ya gari kulala na saruji iliyolowa. Atajumlisha mwenyewe.

Mzee, tulialikwa harusi karibu na msitu wa Kibale, wa sokwe. Shemeji aliandika jina kwenye simu, tukafuata, tukajikuta Kibaale ya Bunyoro. Tulifika kwenye sherehe keki imekwisha. Shemeji anasema ni kosa la mtandao. Tufanyeje siku nyingine? (Dada wa Ntinda, Kampala)

Dada yangu, shemeji wako si wa kwanza. Msitu wa Kibale uko upande wa Fort Portal na Kamwenge. Kibaale yenye "a" mbili ni mji wa Bunyoro. Huko huko magharibi kuna Kabale ya milimani, kwenye njia ya Rwanda, na kuna Kabaale ya Hoima, wanakojenga uwanja wa ndege wa mambo ya mafuta. Herufi moja ya simu inakubadilishia mkoa mzima, na simu haitakuuliza kama kule uendako una ndugu.

Kabla ya kuwasha gari, bana ramani kwa vidole viwili mpaka uone safari nzima, kuanzia mlangoni pako hadi mwisho, na usome majina ya miji mikubwa utakayopita. Kwenu ingekuwa Mityana, Mubende, Kyenjojo, Fort Portal. Simu ilipowatoa Mubende kuelekea kulia, Kakumiro, mmoja wenu angeuliza Kyenjojo iko wapi. Gari lilikuwa na watu wazima wangapi? Nadhani wote mlikuwa mnachagua nyimbo.

Pia mwombeni mwenyeji awatumie alama ya mahali kutoka kwenye simu yake akiwa amesimama pale pale ukumbini, si jina la kuandika. Na awape namba ya mtu mmoja asiyehusika na mapishi. Bibi harusi hapokei simu siku hiyo, na mama yake ndiyo kabisa.

Kuhusu keki, mdai shemeji.

Mzee, mimi ni wa boda hapa Arua. Rafiki yangu anasema setilaiti inakula bando, kwa hiyo nizime ramani nisipokuwa na abiria. Ni kweli? (Mwana wa Steji)

Si kweli, mwanangu. Setilaiti za GPS, hizo zinazoiwezesha simu kujua ilipo, ni za serikali ya Marekani na hazitozi mtu. Mwaka 2000 ndipo walipoacha kuwachafulia raia mawimbi kwa makusudi, na tangu hapo unapata usahihi mzuri bure. Simu yako inasikiliza tu, haiwatumii chochote kule juu. Setilaiti yenyewe haijui kwamba upo, wala haijui Arua.

Kinachokula bando ni picha ya ramani inayoshushwa na habari za jamu. Ukipata intaneti ya bure mahali, shusha ramani ya West Nile yote uihifadhi kwenye simu, nayo itafanya kazi hata bila mtandao. Betri ndiyo itakwisha, hasa kioo kikiwa kinawaka juani, kwa hiyo tafuta chaja ya kufunga kwenye pikipiki.

Jambo moja la upande wenu. Ukipewa abiria wa kutoka Adjumani kwenda Moyo, ramani itakuchorea mstari unaopita juu ya Nile pale Laropi kana kwamba ni barabara. Pale ni kivuko, na kivuko kina saa zake. Usikubali bei ya kwenda na kurudi jioni kabla hujampigia mtu wa Laropi umwulize kama feri inavuka leo na ya mwisho inaondoka saa ngapi. Abiria akikataa kungoja, mshushe upande wa huku, umrudishie nauli iliyobaki, avuke mwenyewe.