Udongo wa Binti na kibuyu cha mbege

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimeandika hadithi ya mwaka 2190. Theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imekwisha, na msichana wa Old Moshi anatunza mashine inayogawa maji ya mfongo, ule mfereji wa Wachagga. Niliisoma kwenye kikundi chetu cha wasomaji hapa Arusha, mmoja akasema si ya Kiafrika: haina ngoma, haina ngao, haina mganga, ni hadithi ya Wazungu tu. Nakutumia kurasa tatu za kwanza. Kweli nimeiga?
Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kurasa zako nimezisoma mara mbili hapa Moshi, mara ya pili kalamu ikiwa mkononi. Hujaiga.

Nimesoma fantasia nyingi zilizojaa mikuki na vibuyu, na ukimtoa mganga ukamweka mchawi wa Ulaya, hakiharibiki kitu. Hilo ni pambo. Mimi nahakiki hivi: nakiondoa kile cha kwetu, halafu natazama kama hadithi bado inasimama.

Chukua Binti ya Nnedi Okorafor, Mmarekani wa wazazi Wanigeria, iliyotoka mwaka 2015. (Jina hilo hatuhitaji kutafsiriwa.) Huyo Binti ni Mhimba, watu wa Namibia, na hujipaka otjize, udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta. Akiwa safarini angani kwenda chuo kikuu, viumbe waitwao Meduse wanawaua abiria wenzake. Baadaye inagundulika kwamba udongo ule unaponya majeraha ya hao hao Meduse, na hapo ndipo njia ya kupatana inapofunguka. Uondoe udongo, hadithi imekufa.

Na asikutishe mtu kwamba chombo cha angani ni mali ya Wazungu. Katama Mkangi alitupa Walenisi mwaka 1995, kwa Kiswahili. Dzombo anahukumiwa kufa, anarushwa angani, anajifunza kukiongoza chombo kile, na anafika kwenye nchi ambayo jina lake, ukilitamka polepole, ni "wale ni sisi". Ujumbe wote umo kwenye jina hilo. Lipeleke kwenye lugha nyingine uone litakavyokuponyoka. Inaniuma kwamba vijana wengi wanaoandika mambo haya leo hawajakishika kitabu hicho.

Sasa kurasa zako. Ukurasa wa pili, mashine inamnyima bibi zamu yake ya maji kwa sababu hakwenda kusafisha mfongo na wenzake. Bibi anafanya alivyofundishwa: anabeba kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, kulipa faini. Anafika, anasimama mbele ya mashine, na hajui amkabidhi nani. Mwanangu, hapo niliweka kalamu chini. Faini ya mbege ilikuwa inanywewa na wale wale waliochafuka matope kwa niaba yako, na ugomvi unaishia kwenye kata ya kunywea. Mashine haina koo. Umeonyesha kwa kibuyu kimoja kitu kinachopotea pale kugawana maji kunapoacha kuwa shughuli ya majirani, na hadithi hiyo isingeweza kutoka pengine ila kwenye mteremko huu. Mwenzenu aliipita akitafuta ngoma.

Ila ukurasa wa tatu umeniudhi. Unamwacha bibi amesimama, unatumia mistari kumi na mmoja kueleza jinsi mashine inavyokula nguvu za jua. Halafu mashine umeiita Simba. Kwa nini Simba? Ipe jina ambalo watu wa mfongo ule wangeipa wakiwa wamekasirika. Na msichana anamkuta bibi yake asubuhi anasema "vipi", bila shikamoo. Kama miaka hiyo shikamoo imekufa, hilo ni tukio kubwa kuliko mashine yako, lisipite kimya kimya. Kama haijakufa, mrudishie bibi heshima yake.

Uandike upya ukurasa huo, kisha unitumie na wa nne. Nataka kujua nani anainywa ile mbege.