Mshipa wa fahamu wa jicho ukiharibika mara nyingi huoni doa jeusi, kile kipande hukioni tu

Nikimwambia mtu kwamba jicho langu la kushoto limepoteza kipande cha kuona, swali la kwanza huwa ni lilelile, "kwahiyo hapo unaona kiza?" Hapana jamani. Hakuna kiza, hakuna doa, hakuna pazia, na ndo maana nilikaa nalo sijui muda gani bila kujua.

Mi niliumbuliwa na mdudu. Aliniingia jicho la kulia, nikalifumba nikawa nalifikicha huku nalalamika nipeni basi kitambaa, mwenzangu ananiambia si nimekushikia hapa muda wote? Alikuwa kakishika usawa wa kiuno changu, kulia kidogo. Nilipogeuza shingo ndo kikatokea, yani kama kimetoka hewani. Macho yote mawili yakiwa wazi jicho la kulia lilikuwa linamfichia mwenzake aibu.

Kama huamini kwamba mtu anaweza asione na asijue kuwa haoni, jaribu hii sasa hivi. Nyoosha mikono mbele, vidole gumba visimame vikiwa vimegusana, fumba jicho la kushoto, ukodolee kidole gumba cha kushoto tu, afu kile cha kulia ukisogeze taratibu kwenda kulia bila kukifuata kwa jicho. Kikifika kama sentimeta 15 hivi ncha yake inapotea. Hapo ndipo mshipa wa fahamu, ule unaopeleka picha kwenye ubongo, unapotokea nyuma ya jicho, hakuna seli za kupokea mwanga, na kila binadamu anayo hiyo sehemu. Umeona shimo jeusi? Hukuona, umeona ukuta tu, maana ubongo unaziba pengo kwa rangi ya jirani, na mshipa ukianza kufa ubongo unaendelea kuziba hivyohivyo kama hakuna kilichotokea.

Mshipa wenyewe una nyuzi kama milioni 1 na zinakufa kwa mafungu, za juu zikifa unapoteza kuona kwa chini, za chini zikifa unapoteza juu. Kwangu ni glakoma, ile wengi wanaita presha ya macho, ila hilo jina ndo lilitaka kuniponza, maana nilipimwa presha ikatoka 17 na kawaida inasemwa ni 10 mpaka 21, nikashaanza kubeba begi langu niondoke. Dokta akasema kaa kwanza, akanitia matone ya kupanua mboni, akamulika nyuma ya jicho akakuta kichwa cha mshipa kimechimbika. Kumbe glakoma inakuja hata presha ikiwa kawaida. Kwahiyo ukiambiwa tu presha yako iko sawa, uliza na mshipa je?

Sasa kipimo cha upana wa kuona, hicho kinatesa watu bure. Unaweka kidevu kwenye kibao, jicho moja limezibwa, unatazama taa moja katikati ya bakuli jeupe, na vitaa vidogo vinawaka huku na huku, ukikiona unabonyeza. Cha kwanza nilifeli vibaya sana. Nikikaa muda bila kuona kitu naingiwa na hofu, nabonyeza kwa kubahatisha, au nakikimbiza kitaa kwa jicho. Mashine inajua! Mara nyingine inawasha taa palepale pasipo na seli, ukibonyeza inakuandika kwamba jicho lako linatangatanga. Na hakuna aliyenieleza mapema kwamba imetengenezwa ipunguze mwanga mpaka ushindwe kuona, kwahiyo hata mwenye macho mazima anakosa taa nyingi. Pepesa macho kama kawaida, ukichoka omba wasimamishe, na kipimo cha kwanza kikiwa kibaya mwombe dokta urudie siku nyingine kabla hujaanza kulia. Mi nililia, sikatai.

Kuna mambo ambayo si ya kusubiri wiki. Umeamka nusu ya juu au ya chini ya jicho moja haipo, au jicho linauma ukiligeuza na unaona rangi nyekundu imepauka, au unajigonga kwenye milango kwa kuwa huoni pembeni, kulia na kushoto (hiyo yaweza kuwa uvimbe kwenye tezi iliyo chini ya ubongo unaobana mishipa inapokutana), nenda leo. Na kama uko kwenye dawa za TB zenye ethambutol ukaona macho yanabadilika, sema siku hiyohiyo.

Nyuzi zilizokufa hazirudi, matone yangu ya usiku yanalinda zilizobaki tu. Ngazi sasa nashuka nimeshika ukingo. Glakoma inatembea kwenye familia, kwahiyo nilimsumbua dada yangu mkubwa mpaka akachoka kunikwepa akaenda. Presha 26, uwanja wa kuona bado mzima. Kaanza matone juzi, na kila saa tatu usiku ananipigia kulalamika yanawasha.