Mstaafu Mwenzangu, Kabla Hujanunua Gari la Fowili

Tairi la spea la gari letu la kwanza la fowili, yaani la magurudumu yote manne yanayovuta, lilikuwa na kilo 38. Nililipima baada ya kushindwa kulinyanyua. Tulikuwa mimi na mke wangu kwenye njia ya mchanga, saa nane mchana, tairi la nyuma limepasuka ubavuni, nami nimepiga magoti mbele ya stadi zilizo wazi nikijaribu kulipandisha spea kwa mikono. Mara ya kwanza liligusa stadi likarudi chini. Mara ya pili mgongo ukakataa. Mke wangu akachukua koleo, akaliingiza bapa chini ya tairi, akaweka jiwe chini ya mpini, kisha akaukandamiza. Tairi likapanda pole pole mpaka matundu yakakutana na stadi, nikafunga nati ya kwanza.

Jioni ile nilikubali kwamba nilikuwa nimechagua gari kwa mwili wa mtu wa miaka 40, wakati anayelihudumia ana miaka 66. Gari lile tuliliuza kabla ya mwaka kwisha. Hili tulilo nalo sasa limeshatupeleka zaidi ya kilomita 90,000, na nyingi kati ya hizo ni za changarawe.

Wanaoniuliza ushauri karibu wote huanza na jina: ninunue Land Cruiser, Patrol, Pajero, au Defender ya zamani? Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Nani ataendesha? Nani atabadili tairi? Mtabeba nini? Mtakuwa mbali kiasi gani na fundi? Ukishayajibu hayo, majina yenyewe hupungua.

Tuanze na mwili. Panda na ushuke garini mara kumi mfululizo pale pale unapolikagua, usione haya mbele ya muuzaji. Safarini utafanya hivyo mara thelathini kwa siku. Kama goti linalalamika kabla hujalipia, baada ya wiki tatu litakuwa limevimba. Angalia spea imefungwa wapi. Iliyo chini ya chesisi hushushwa kwa mnyororo, na ukipata pancha matopeni utalazimika kulala chini kuivuta. Ya mlango wa nyuma inafikika, ila inataka kunyanyuliwa kutoka juu. Fungua boneti utazame kama unafikia kijiti cha oili, betri na filta bila kupanda juu ya bampa.

Nimeendesha gia za mkono maisha yangu yote, na nilikuwa mbishi sana juu ya gari la otomatiki. Goti la kushoto ndilo lililonibadilisha. Kwenye mchanga na kwenye miinuko ya mawe, otomatiki haikati nguvu katikati kama unapokanyaga klachi, na mwisho wa siku mguu haujachoka. Magari ya otomatiki yana madai yake: oili ya gia boksi hupata moto sana ukiwa na mzigo mchangani, kwa hiyo tuliongeza kipoza oili, na oili yenyewe tunaibadilisha kwa ratiba. Tena huwezi kuliwasha kwa kulisukuma. Kwa sababu hiyo tuna betri mbili, moja ya kuwashia gari ambayo haiguswi na kitu kingine, na nyingine ya friji na taa.

Na wote wawili muwe mnaliendesha. Namaanisha kuliendesha kweli, pamoja na kuingiza gia ndogo (ile ya fowili inayopunguza mwendo na kuongeza nguvu), kurudi kinyumenyume kwenye mteremko na kupunguza upepo wa matairi. Siku mmoja akiugua mbali na watu, mwingine ndiye atakayewafikisha.

Sasa uzito, na hapa naomba univumilie, kwa sababu magari mengi mazuri nimeyaona yakifia hapa. Kwenye kibati kilichobandikwa nguzoni mwa mlango kuna uzito wa juu ambao gari linaruhusiwa kuwa nao likiwa na kila kitu. Ondoa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho haki yako ya kubeba. Tuseme ni kilo 650. Inasikika nyingi. Watu wawili, 150. Maji lita 60, kilo 60. Dizeli ya ziada lita 80, karibu kilo 67. Bampa la chuma lenye winchi, 95. Keria na hema la juu ya paa, 110. Droo za nyuma na friji iliyojaa, 120. Vifaa na vipuri, 60. Nguo, vyombo na chakula, 70. Jumla ni 732, na bado hujatia viti vya kukunja. Ukivuta trela, uzito wake unaokandamiza ndoano nao unahesabika humo humo.

Gari lililozidishiwa halikuambii siku hiyo hiyo. Linasubiri barabara ya changarawe yenye mikunjo kama bati, likutikise saa nne, ndipo shokapu zipate moto na kuvuja, springi zilale, na ufa uanze kwenye chesisi karibu na ekseli ya nyuma. Mtu atakwambia chapa fulani siku hizi haidumu, kumbe alibebesha gari robo tani ya ziada. Sisi tulipakia kila kitu, tukajaza matangi, tukaenda mzanini. Tulipima gari zima, halafu ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, maana waweza kuwa ndani ya jumla huku nyuma umepitiliza. Tulikuwa tumezidi kilo 180, karibu zote nyuma. Kuweka springi ngumu hakubadilishi kilichoandikwa kwenye kibati wala hakuongezi nguvu ya breki. Shusha mzigo kwanza.

Kuhusu injini nina msimamo wangu. Land Cruiser 70 imekuwa ikitengenezwa tangu 1984, na ile dizeli yake ya 1HZ, silinda sita, cc 4,164, haina tabo wala kompyuta ya kusimamia sindano za mafuta. Ni nzito kupanda mlima na ina kelele, lakini fundi mwenye spana na subira anaweza kuifungua popote. Kama mnakwenda mahali ambapo mji mmoja na mwingine umbali wake ni siku mbili, ule wepesi wa kutengenezeka nauthamini kuliko mwendo. Ila ukweli usemwe: kiti chake na kelele zake, kwa saa saba kila siku, si jambo dogo kwa masikio na mgongo wa mtu mzima. Sisi tulichagua gari tulivu zaidi lenye dizeli ya kisasa, tukakubali masharti yake.

Dizeli za kisasa husukuma mafuta kwenye injekta kwa shinikizo kubwa mno, linalofika bar 2,000 na hata kuzidi. Nafasi za ndani ya pampu na injekta hizo ni finyu mno, hivyo tone la maji au chembe ya uchafu inatosha kuua pampu na injekta zote kwa pamoja, na gari husimama hapo hapo. Fungeni filta ya ziada inayotenganisha maji, yenye kengele ya kuonya, na mbebe filta mbili za akiba. Nyingi pia zina chujio la masizi kwenye ekzosi. Hilo linataka dizeli yenye salfa kidogo na mwendo mrefu wa kasi mara kwa mara ili lijichome na kujisafisha. Kama njia yenu inapita nchi ambazo dizeli yake ni chafu, gari lenye chujio hilo litawasumbua, hata liwe jipya namna gani.

Ukinunua lililotumika, fika asubuhi na uombe injini isiwashwe kabla hujafika. Ya baridi haifichi moshi. Fungua mfuniko wa rejeta ikiwa bado baridi; ukiona utando wa mafuta, au rangi ya kutu, funga na uage. Lala chini na tochi, ugonge chesisi kwa nyundo ndogo hasa karibu na springi, maana rangi nyeusi mpya huko chini mara nyingi imefunika kutu. Zungusha usukani mpaka mwisho, nenda pole pole ukisikiliza magurudumu ya mbele: mlio wa tak-tak-tak ni viungo vya shafti vilivyochoka. Ingiza gia ndogo uendeshe nayo, kwa kuwa yapo magari ambayo kwa miaka mingi hayajawahi kuingizwa na mtambo umeganda.

Jambo moja nililofundishwa na fundi mzee: vuta mkanda wa kiti cha nyuma mpaka utoke wote. Nilifanya hivyo kwenye gari lililong'arishwa vizuri sana, zulia jipya, harufu ya manukato. Kipande cha mwisho cha mkanda kilitoka kikiwa na mstari wa tope lililokauka. Lile gari lilikuwa limezama majini. Nilimshukuru muuzaji nikaondoka.

Matairi nitayapitia haraka. Rimu ya inchi 16 au 17 yenye ubavu mnene huvumilia mawe kuliko ya 20, na tairi lake ni rahisi kulipata ugenini. Soma tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi lililozeeka hupasuka hata kama kashata zake bado ni ndefu. Mchangani sisi hushusha upepo hadi psi 18 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi), tukaenda taratibu, na kabla ya kurudi kwenye lami tunajaza tena kwa pampu ndogo ya betri.

Kabla ya safari ndefu, nendeni ya siku nne na mzigo wote, mlale humo, mpike humo, mbadili tairi moja kwa makusudi hata kama ni zima. Mkirudi, kazeni upya bolti za keria na za springi. Sisi tuliporudi tulishusha hema la paa na kununua la chini, tukatoa droo za mbao, tangi moja la maji, jeki ya pili, na sanduku la vyombo ambalo hatukulifungua hata mara moja. Mzani wa pili ulionyesha tumebakiwa na kilo 20 za nafasi. Koleo tuliliacha garini, nyuma ya kiti cha mke wangu.