Maiki Si ya Kumpa Mgeni: Kwa Walimu Wapya wa Kwaya Hapa Kakuma

Jumapili iliyopita nilikaa benchi la nyuma, nikamwona mmoja wenu akirudia kosa lile lile nililolifanya mimi. Simtaji, mwenyewe anajijua, na nampenda kama mdogo wangu. Ila kunyamaza nimeshindwa. Mwaka huu walimu wapya wa kwaya ni wengi katika kambi yetu ya wakimbizi, kuanzia Kakuma One hadi Kalobeyei, na baadhi yenu mna vipaji kuliko sisi tuliowatangulia. Basi sikilizeni.

1. Kinanda kifunikwe kwa kitenge kizito mara tu ibada inapoisha. Vumbi la Turkana mnalijua.

2. Betri ya sola ipimwe asubuhi, si katikati ya sebene, pale gitaa zinapochanganya na watu wanacheza. Na spika zikizimika, jamani, msisimame mkitazamana! Pigeni makofi, pigeni ngoma, besi ishuke, wimbo uendelee. Sisi tuliotoka Fizi na Uvira, kule Kongo, tulianza bila umeme, na nyuzi za gitaa tulizipata kwenye waya wa breki za baiskeli. Mzee aliyenifundisha rithimu alikuwa na gitaa alilolichonga mwenyewe. Siku ya kukimbia aliacha godoro akabeba gitaa. Mama watoto wake alimgombeza njia nzima, lakini usiku tulipolala porini, ni yeye mama aliyemwambia, "Baba, tupigie kidogo, watoto wapate usingizi." Alipiga kwa kidole gumba tu, polepole, ili sauti isifike mbali.

3. Tangu rashoni, chakula chetu cha msaada, ilipopunguzwa mwaka 2025, mazoezi ya muda wa saa tatu ni kuwaonea watu. Mwenye njaa hashiki pumzi. Saa moja na nusu yatosha, na maji ya kunywa yawepo.

4. Sasa maiki. Hapa nitakaa, maana ndipo nilipoumiza mtu.

Nilimsikia yule dada kwenye foleni ya maji. Alikuwa bado anaishi risepsheni, kituo cha kupokelea wakimbizi wapya, wiki chache tu tangu afike, intavyuu yake ya kuomba hifadhi haijafanyika. Alikuwa ameinamia jerikeni akiimba wimbo wa kwetu taratibu, na sauti yake ya pili ilikuwa imenyooka hata wamama wa foleni wakaacha kubishana. Nilimwalika palepale. Alhamisi akaja mazoezini, Jumamosi akaja tena. Hakuongea sana. Aliimba, akakunja kitenge chake, akaenda.

Jumapili ya pili tulikuwa na wageni, kanisa limejaa mpaka nje. Tukafika kwenye pambio, nikawaonyesha vijana mkono: teremsheni. Gitaa likashuka, kinanda kikabaki na akodi laini. Nikamsogelea yule dada, nikamwekea maiki mkononi, nikasema mbele ya watu wote, "Dada, liambie kanisa Bwana amekutoa wapi."

Alinitazama. Leo nayaelewa macho yale. Siku hiyo niliyasoma kuwa ni haya ya mgeni. Watu walikuwa wanasubiri, kinanda kinasubiri, nami mwalimu nimesimama mbele yake natikisa kichwa kumhimiza. Angekataa vipi? Akasema. Akataja kijiji. Akamtaja mumewe kwa jina, akaeleza usiku ule, akasema wanawe wawili amewaacha kwa shemeji. Kanisa lililia, wageni walilia, sadaka ilijaa. Nikarudi nyumbani nikimshukuru Mungu kwa ibada nzito.

Kumbe kuna kijana alikuwa anarekodi kwa simu. Kufikia Jumatano ile video ilikuwa imeingia kwenye magrupu ya WhatsApp, na magrupu yetu hayana mpaka. Kinachosemwa Kakuma jioni, Uvira wanakisikia usiku. Shemeji akampigia simu: watoto imebidi wahamishwe usiku, maana sasa kila mtu anajua walipo. Na hapa kambini, habari ambayo alipaswa kumweleza ofisa peke yake, mlango ukiwa umefungwa, wauza sambusa walikuwa wanasimuliana.

Nilikwenda kumwomba msamaha. Alinipa ndoo nikalie, yeye akakaa chini. Nilieleza mengi, nikaomba, nikanyamaza. Yeye alisema neno moja tu: "Mwalimu, mimi nilikuja kuimba."

Hakurudi kwetu. Nilisikia baadaye anaimba kwaya nyingine, Kakuma Three, safu ya nyuma. Watoto wako hai, ndilo ninalolijua.

Kwa hiyo mtu akifika, mpeni sauti ya kuimba, mpeni nafasi kwenye benchi, mpeni nakala ya maneno. Ushuhuda ni wake. Akitaka kuutoa atawaambia mwenyewe, iwe mwakani, iwe baada ya miaka kumi, asipotaka isiulizwe tena. Na simu zizimwe wakati wageni wapya wako mbele. Hili msibishane nami. Mnasema ushuhuda huwatia moyo wengine. Kweli, na wale mama wa foleni walitiwa moyo na nini? Hakuna aliyewaeleza lolote. Walisikia sauti ya pili tu.

5. Mkialikwa Lodwar au Kitale, pasi za kusafiri ombeni mapema, na kwa majina ya watu wote, hadi mbeba ngoma.

6. Nyimbo za Kidinka msizitamke kwa kukisia. Wako wamama wa Sudan Kusini ambao kambi hii wanaijua tangu 1992. Nendeni na sukari robo, kaeni nao mchana mmoja, watawafundisha neno kwa neno na mtacheka pamoja.

Jumamosi saa kumi jioni nitakuwa kanisani. Yule kijana aliyepewa maiki Jumapili, mniletee. Nimeona vidole vyake vikicheza juu ya goti wakati wa sebene, na gitaa la besi halina mtu. Msimuulize katoka wapi.