Rubani wa Tehran hakufyatua kombora

Ndugu, umeuliza kama ni kweli kwamba rubani wa Iran alikipiga kwa kombora kile kitu cha ajabu chenye mwanga kilichoonekana angani juu ya Tehran usiku wa kuamkia tarehe 19 Septemba 1976. La, hakuna kombora lililofyatuliwa. Ndege ya kwanza ya kivita, aina ya F-4, iliyotumwa kukichunguza ilipokikaribia, redio na vifaa vyake vilizimika, vikarejea baada ya rubani kugeuza. Ya pili, iliyorushwa na Parviz Jafari, ilikinasa kwenye rada kwa ukubwa uliolinganishwa na wa Boeing 707 ya kubebea mafuta, lakini kitu kidogo chenye mwanga kilipochomoka humo na kumwelekea, naye akataka kufyatua kombora la AIM-9, paneli ya silaha ilizimika papo hapo pamoja na mawasiliano. Taarifa ilifika kwa idara ya ujasusi wa kijeshi ya Marekani, jambo linaloonyesha tu kwamba ilipokelewa, si kwamba kilikuwa chombo kutoka sayari nyingine. Mwandishi Philip Klass alidai kuwa marubani waliiona sayari ya Mshtarii na kwamba hitilafu zilikuwa za mitambo yenyewe. Kwa upande wa mwanga maelezo hayo yanaingia akilini, ila kwa upande wa rada bado hayajaniridhisha.