Jibu: Vikundi vya kusaidia wasiojiweza Mwanza, ni msaada au upigaji?

Wakuu, mleta uzi yuko Dar na ameuliza mambo mawili. Mbona siku hizi kila kona ya Mwanza kuna kikundi cha kusaidia maskini na watoto wa mtaani? Na akituma hela yake, itamfikia mlengwa au italiwa njiani? Waliotangulia wamejibu kwa mkato kwamba ni upigaji mtupu. Upigaji upo, sibishi. Ila mimi ni mweka hazina wa kikundi kimoja hapa Kirumba, na riziki yangu ni dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, kwa hiyo niruhusuni nijibu kwa kirefu.

Zamani kazi hii ilikuwa ya mashirika makubwa yenye wafadhili wa nje. Wenye umri wangu wanaikumbuka Kuleana, miaka ya 1990, iliyokuwa na kituo cha watoto wa mtaani hapa mjini. Baadaye tukawaona Railway Children na Cheka Sana. Hivi vidogo vya sasa asili yake ni tofauti. Vingi ukivichimba utakuta vilianza kama vikundi vya kuzikana au vya kuweka na kukopa. Mazoea ya kuchangishana yalishakuwepo, kitabu kilishakuwepo, mweka hazina alishazoea kusutwa. Simu zilipoanza kutuma hela, na baadaye M-Koba (huduma ya vikundi kuweka akiba kwa simu) ikaja, hata aliyehamia Geita akawa anachanga bila kufika kikaoni.

Sisi tulikuwa wauza dagaa, mama lishe na wabeba mizigo tunaozikana. Pale Mwaloni watu wanatoka Ukerewe, Kome, Bunda, Sengerema, wengine ng'ambo ya ziwa kabisa, na mtu anaweza kukaa miaka anajulikana kwa jina la utani tu. Akafa mbeba mizigo mmoja aliyekuwa analala kwenye vibaraza vya maghala. Hela ya jeneza tulikuwa nayo. Kwao hakuna aliyepajua. Akazikwa na manispaa. Kikao kilichofuata mama mmoja wa Kisukuma akauliza, "Kwa hiyo tunangoja wafe ndiyo tuwatafutie kwao?" Pale ndipo kikundi kilipogeuka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wachangaji wengi hawalioni. Mtu anayelala nje shida yake haiishii kwenye njaa. Mwaloni hapa kula kunapatikana, akikosa vyote kuna mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani. Anachokosa ni mtu wa kusema "huyu namfahamu". Angalia TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini: kaya hizo hutajwa na wananchi wenyewe kwenye mkutano wa mtaa. Asiye na mtaa atatajwa na nani? Kitambulisho cha NIDA, fomu inataka muhuri wa serikali ya mtaa. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza ana msamaha wa matibabu kwenye hospitali ya serikali, lakini dirishani anaulizwa barua ya utambulisho. Mwenyekiti wa mtaa naye ana haki ya kusita, hawezi kumwandikia mtu asiyemjua akaja kuulizwa kesho.

Kikundi kinaziba hapo. Tunakwenda naye kwa mtendaji watu wawili watatu wanaofahamika, tunaeleza analala wapi na anafanya kazi gani, kisha tunamfikisha kwa ofisa ustawi wa jamii. Kazi hii haina picha ya kuposti. Ni kukaa kwenye benchi, kuambiwa njoo Jumatatu, na kurudi Jumatatu. Kuna mayu (mama kwa Kisukuma) mmoja aliyefukuzwa kijijini kwao kwa maneno ya uchawi (macho mekundu ya moshi wa kuni yakaitwa ya mchawi, mnajua hadithi zenyewe za Usukumani). Barua yake ilituchosha kuliko sufuria zote za pilau tulizowahi kupika. Lakini leo anahudhuria kliniki ya presha bila kutusubiri.

Watoto ni habari nyingine. Wale wanaofagia dagaa zilizomwagika na kulala kwenye maboksi, wengi wana kwao, tena si mbali: Magu, Geita, Simiyu. Kumrudisha ni rahisi, hasa tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa 2025 na adha ya kusubiri kivuko ikaisha. Kumfanya abaki ndiyo shughuli. Baba wa kambo aliyemfanya akimbie bado yuko palepale. Bila mtu wa kwenda tena baada ya mwezi, na tena baada ya muhula, utamkuta stendi ya Nyegezi. Na safari hizo tunakwenda kwa idhini ya ustawi wa jamii, hatumbebi mtoto wa mtu kienyeji.

Hapo hapo niseme bila kuremba: ukiona kikundi kinalaza watoto nyumbani kwa mwenyekiti, uliza leseni. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni, na upendo wa mwenyekiti hauifuti. Shirika linalojiita NGO liwe limesajiliwa chini ya sheria ya 2002, na tangu marekebisho ya 2019 linatakiwa kuweka wazi taarifa zake za fedha za mwaka. Kikundi kidogo kama chetu kinatambuliwa halmashauri kupitia maendeleo ya jamii. Anayekwambia "sisi ni wa Mungu tu, makaratasi ya nini", mwache na Mungu wake. Na anayekutumia nyuso za watoto wanaolia kila wiki, hela yako inanunua vocha ya kutuma nyuso nyingine.

Mleta uzi, umeuliza pia kuhusu chakula cha Krismasi. Ukipenda leta, hatukatai, lakini Desemba soda na biskuti zinajaa mpaka tunagawia majirani. Januari shule zikifunguliwa ndipo tunapotafuta sare, madaftari na nauli za kuwafuatilia tuliowarudisha, na Januari kila mtu ana ada zake. Bora hela ndogo ya kila mwezi. Njoo PM (ujumbe wa faragha), nitakupa namba ya ofisa maendeleo ya jamii wa kata, umuulize habari zetu yeye kwanza. Akikujibu vizuri ndiyo nikupe namba ya kikundi.