Jedwali la chakula cha sato linavyoipotosha programu

SWALI: Nauza vifaranga na chakula cha sato wa vizimba hapa Kirumba, Mwanza. Tumeweka programu ya akili mnemba iwajibu wateja WhatsApp, tukaipa mwongozo wetu wa PDF wenye kurasa 40. Mfugaji mwenye sato 1,000 wa gramu 100 aliuliza awape chakula kiasi gani kwa siku, akaambiwa kilo 6. Mwongozo unasema asilimia 3 ya uzito. Je, tubadilishe programu?

JIBU: Msibadilishe kwanza. Samaki hao wana jumla ya kilo 100, kwa hiyo chakula chao ni kilo 3. Akiwapa kilo 6, kinachobaki kinaozea chini ya kizimba na kumaliza hewa ya oksijeni majini, basi kosa hili si dogo. Ila tunaushuku mwongozo kabla ya programu.

Programu hizi kwa kawaida hazipitii kurasa zote kila swali linapoingia. Mwongozo hukatwa vipande vya maneno mia kadhaa. Swali likija, huchaguliwa vipande vichache vinavyolikaribia kwa maana, na jibu hutungwa kutokana na hivyo. Jedwali likikatika katikati, vichwa vya safu vinabaki kipande kimoja, tarakimu kingine. Programu inaona "6 3 2" tu, inaokota mojawapo, na kuiandika kwa ufasaha uleule wa jibu la kweli.

Fungueni PDF, nakilini jedwali, libandikeni kwenye ukurasa mtupu. Zikija tarakimu zilizochanganyikana, au kisije kitu kwa sababu ukurasa ni picha ya skana, huenda programu nayo inapokea hivyo hivyo. Geuzeni kila mstari uwe sentensi inayojitegemea: "Sato wa kizimbani mwenye gramu 100 hadi 250 alishwe kwa siku asilimia 3 ya uzito wa samaki wote, mfano, sato 1,000 wa gramu 100 ni kilo 3." Jina la samaki na kipimo virudiwe kila mara, hata kama inachosha kusoma. Mfano wa hesabu msiuache, maana programu hizi hukosea hata kuzidisha. "Kama tulivyosema hapo juu" ifutwe: kipande kikishakatwa, hakina juu.

Orodha ya bei ya zamani iondoeni kabisa; zikikaa mbili, yoyote inaweza kuokotwa. Na kama mwongozo unasema tilapia huku wateja wanauliza sato au perege, andikeni majina yote.

Kisha chukueni maswali 20 ya wateja kama walivyoyaandika, na makosa yao ya tahajia. Mwombeni fundi awaonyeshe vipande vilivyochaguliwa kwa kila swali. Kipande sahihi kisipokuwepo, rudini kwenye mwongozo au namna ulivyokatwa. Kikiwepo na jibu bado ni baya, hapo ndipo mzungumze na muuzaji wa programu. Ongezeni maswali mawili ambayo mwongozo haujibu, tuseme la dawa ya fangasi, muone kama itakiri haina jibu au itabuni kipimo.